Madirisha ya Chumba cha Rangi

Mke wangu hawezi tena kutembea kutoka mlangoni hadi jikoni bila kusimama. Husimama, hushika kiuno, huvuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu, kisha huendelea. Watu husema ni umri. Wengine husema ni vumbi la barabara, nami kwa muda mrefu niliwaacha waseme. Lakini mapafu yake yaliharibikia katika chumba nilichokijenga kwa mikono yangu nyuma ya nyumba yetu hapa Uriri, chumba tulichotia vitambaa rangi.

Kazi yenyewe niliipenda, na yeye aliipenda kunishinda. Nilisoma hadi kidato cha nne, na huko shuleni mwalimu wa sanaa alitufundisha kuchora kwa nta. Unaiyeyusha nta, unachora kwa brashi juu ya kitambaa cha pamba, kisha unakitumbukiza kitambaa katika rangi. Pale penye nta rangi haiingii. Nta ya nyuki ni laini, hukunjika bila kupasuka. Nta ya mshumaa ni kavu, ukikikunja kitambaa hupasuka, na rangi hupenya katika nyufa zile na kuacha mishipa myembamba kama ya jani. Nilijifunza kuzichanganya hizo mbili kulingana na mishipa niliyoitaka, na hadi leo nikipewa kipande cha batiki naweza kukuambia aliyekitengeneza alikuwa na nta gani.

Mke wangu alikuja kwangu kutoka kisiwa cha Takawiri, kule ziwani, akiwa na ufundi wa vidole. Kwao walishona nyavu, na yeye alizoea fundo tangu utotoni. Alikifunga kitambaa kwa uzi wa nailoni alioutoa katika nyavu kuukuu, akaukaza hadi ukiugusa kwa kucha unalia. Kwa mduara mdogo alifungia ndani punje ya mahindi, kwa mkubwa alifungia kokoto. Baada ya rangi alikata uzi, akakikung'uta kitambaa, na miduara ikafunguka mbele yetu mmoja baada ya mwingine. Hakuwahi kuchoka kulitazama jambo hilo. Mimi nilichoka mapema, nikawa ninahesabu vitambaa vilivyobaki.

Tulitofautiana kuhusu mahali pa kutafuta michoro. Mimi niliitafuta katika kalenda na magazeti: simba, minazi, mwezi ukichomoza baharini.

"Umewahi kuuona mnazi?" aliniuliza siku moja.

"Kwenye kalenda."

"Basi mwachie mwenye kalenda."

Yeye alichukua mambo ya kwao. Alichukua omena, dagaa wadogo wa ziwani, walioanikwa juu ya wavu, mchanga jinsi unavyobaki na mikunjo maji yanaporudi nyuma, na ule mwamba mweusi karibu na kisiwa ambao ndege huutia weupe kwa kinyesi, mistari mirefu ikiteremka hadi majini. Kutokana na mwamba huo alitengeneza kitambaa cheusi chenye mistari myeupe, kizuri kupita vyote tulivyowahi kuvitoa. Kanisa moja lilikinunua kwa ajili ya mapazia ya madhabahu. Mchungaji alisimama mbele yake, akasema anaiona miale ya neema ikishuka. Mke wangu aliinamisha kichwa kwa heshima, akakaa hivyo mpaka tulipofika barabarani.

"Miale ya neema," alisema, akacheka hadi akaketi kwenye nyasi. Wakati huo alikuwa na pumzi ya kucheka.

Sasa nieleze kuhusu rangi, kwa sababu ndiyo iliyomdhuru. Rangi tuliyoitumia haichujuki, na ndiyo maana wateja waliipenda. Lakini haiyeyuki kwa maji matupu. Unaweka kostiki, ule unga mweupe unaochoma ngozi, kisha unaongeza unga mwingine tunaouita haidrosi, na maji ya moto. Hapo hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, mvuke unaokwaruza koo na kutoa machozi. Kitambaa ukikitoa kwenye sufuria hakina rangi uliyoitarajia. Buluu hutoka ikiwa kijani cha maji machafu. Unakitundika, na kikishapata hewa ndipo kinapoanza kugeuka, kutoka pembeni kuelekea katikati, hadi kinakuwa buluu kamili. Rangi ile bila hewa haikamiliki. Jambo hilo nililijua vizuri, niliwafundisha hata wengine.

Mwanzoni tulifanya kazi uani, chini ya anga. Kilichonifanya niingie ndani ni safari moja ya soko la Migori. Nilikuwa nimetandaza vitambaa vyetu, mama mmoja akaja, akashika kile cha mistari, akakirudisha.

"Mzee, hii si ndiyo ile iko kwa yule mama wa stendi?"

"Hapana. Hii ni yetu peke yetu."

"Ah, wacha. Hata yake iko na laini safi kuliko hii. Enda uone."

Nilienda, nikaona. Mwamba wa mke wangu ulikuwa umetundikwa kwenye kibanda cha mtu mwingine, na mistari yake kweli ilikuwa imenyooka kuliko yetu. Nilirudi nyumbani na homa ya hasira. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyepita njiani alisimama kwenye ua wetu akatazama, na kwamba akitazama tena atachukua na mengine. Wiki ile nilijenga chumba cha mabati ubavuni mwa chumba chetu cha kulala, nikakiwekea madirisha mawili kwa sababu fundi niliyemuuliza alisema lazima yawepo, kisha nikayapigilia mabati kwa ndani. Mwanya chini ya mlango nikauziba kwa gunia.

Mke wangu alisimama nje akiniangalia nikigonga misumari.

"Unamfungia nani?"

"Wezi."

"Wezi wa mavi ya ndege," alisema, akaingia ndani kuwasha moto.

Tulikuwa wawili katika kazi, lakini mimi nilikuwa mtu wa kutoka. Nilitoka kuuza, nilitoka kununua pamba, nilitoka kuzungumza na wenye hoteli na wakuu wa shule. Yeye ndiye aliyebaki na sufuria akikoroga kwa mti, uso wake juu ya mvuke, na vitambaa vibichi vikining'inia kumzunguka vikinywa hewa iliyokuwamo. Niliporudi jioni nilifungua mlango, nikarudi nyuma hatua moja, nikakohoa, nikasubiri harufu ipungue ndipo niingie. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mimi ninasubiri na yeye yumo.

Kikohozi kilianza wakati wa mvua ndefu. Nilisema ni baridi. Nilimchemshia tangawizi, nikamnunulia dawa ya chupa dukani. Mvua ilipoisha kikohozi kilibaki. Akaanza kulala ameegemea ukuta, mito mgongoni, na nikimuuliza husema anastarehe hivyo. Mwisho binti yetu, ambaye ameolewa mbali, alipokuja kututembelea na kumsikia mama yake akipumua, hakuvua hata viatu. Alituchukua siku hiyo hiyo tukaenda hospitali Homa Bay.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Alisikiliza kifua mbele na nyuma, akatazama picha, akanigeukia mimi.

"Mzee, nyumbani mnapikia kuni ndani?"

"Tunatumia gesi."

"Basi kuna nini kinachofuka?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Tunapika rangi, daktari. Ya vitambaa."

"Ndani? Madirisha yako?"

"Yako mawili. Yamefungwa."

"Yamefungwa na nani?"

Mke wangu hakunitazama. "Na wezi," alisema.

Daktari alidhani hakusikia vizuri, akaliacha jambo hilo. Alitueleza kwamba sehemu ya mapafu ina makovu, na kovu la ndani halirudi kuwa nyama hai. Kilichokufa kimekufa. Kilichobaki kinaweza kulindwa, ikiwa ataondoka kabisa katika hewa ile. Alilirudia neno kabisa, akinitazama.

Nilizitoa sufuria, nikaziweka chini ya kibanda uani. Najua ingefaa niishie hapo. Lakini mvua zilirudi, maji yakaingia kwenye sufuria, na shule moja ilikuwa inasubiri vitambaa vya kwaya. Nikarudisha moto ndani. Nilimwambia ni siku chache, na kwamba yeye akae chumbani, asiingie. Chumba chetu cha kulala na kile cha rangi vilitenganishwa na ukuta wa udongo ambao ulikuwa umekunywa mvuke ule miaka yote. Ukiweka pua ukutani ulinusa kiberiti.

Hapo ndipo alipoomba kwenda Takawiri.

"Huko upepo hauishi," alisema. "Kaka yangu ana chumba. Nikae mpaka kifua kifunguke."

Nilikataa, na sababu yangu ilikuwa nzuri mbele ya kila mtu wa kwetu. Sisi Wajaluo tunasema mwanamke aliyeolewa hafii katika boma la wazazi wake. Akifa huko ni mkosi kwa waliomzaa na kwa waliomwoa, na kwa mkosi wa namna hiyo tuna neno, chira, balaa linalomfuata mtu aliyevunja mila mpaka limkaushe yeye na watoto wake. Mgonjwa hapelekwi kwao, huletwa kwa mumewe. Zaidi ya hayo, mimi kama mkwe siwezi kulala katika boma la wakwe zangu hata usiku mmoja. Angekwenda angekwenda peke yake, na watu wangesema nimemfukuza akiwa mgonjwa, au amenikimbia.

Niliyasema hayo yote. Alisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ni mtu wa heshima.

"Nimekuomba hewa," alisema. "Sijakuomba talaka."

Nikamwambia tutaongea mvua ikiisha.

Hatukungoja iishe. Asubuhi moja nilikuwa ndani nikiondoa nta kwenye vitambaa vya kwaya. Unakiweka kitambaa katikati ya magazeti, unapitisha pasi ya moto, nta inayeyuka na kuingia kwenye karatasi, na moshi wake ni mzito, wenye mafuta. Mke wangu alifungua mlango kuniambia chai iko tayari. Hakuimaliza sentensi. Alishika mwimo wa mlango, akateleza hadi chini, na nilipomfikia midomo yake ilikuwa imegeuka buluu. Nimetengeneza buluu za kila namna maishani mwangu. Ile niliijua papo hapo ni ya nini.

Jirani alitupeleka kwa gari lake. Hospitalini walimwekea oksijeni, na mchana kutwa nilikaa kando ya kitanda nikiangalia rangi ikirudi usoni mwake, kutoka pembeni kuelekea katikati. Jioni kaka yake aliwasili kutoka kisiwani, bado ana magamba ya samaki kwenye mikono. Ni mtu wa maneno machache na mzaha mkavu.

"Ora," aliniita, kama tunavyowaita mashemeji, "tunamchukua."

"Na akifia huko?"

"Na akifia kwako, ndani ya mabati, mila itafurahi?"

"Unajua sivyo nilivyomaanisha."

"Najua ulivyomaanisha. Wewe ni mtu wa kufunga vitu, shemeji. Hata samaki ungemfungia dirisha asiibiwe maji."

Muuguzi aliyekuwa akipita alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Nilikubali aende hadi mwisho wa mvua, siku moja zaidi hapana. Nilitaka ionekane kwamba bado mimi ndiye ninayeamua.

Alipoondoka nilimaliza vitambaa vya kwaya peke yangu. Vilitoka vibaya. Miduara ilikuwa na ukungu pembeni, kwa kuwa sikuweza kukaza uzi kama yeye, na shule ilivichukua kwa huruma. Kila siku nilipiga simu, naye alijibu kwa maneno mafupi. Mvua ziliisha, na binamu yangu mkubwa, ambaye ndiye mzee wa ukoo wetu sasa, alikuja akaketi kwenye kiti changu.

"Mama wa nyumba hii anarudi lini?"

"Bado anapumzika."

"Anapumzikia kwao mpaka lini? Unataka tukamchukue katika sanduku? Nenda ukamlete."

Nilimpigia simu kumwambia kwamba Jumamosi nitakuja kumchukua. Alisema sawa.

Jumamosi asubuhi nilifika Mbita, ukingoni mwa ziwa, nikavuka kwa boti. Nilimkuta nyuma ya jiko la kaka yake, ameketi juu ya mchanga ameegemea gogo, upepo ukimpiga kitambaa cha kichwa. Alikuwa amekonda, lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya midomo. Mapajani alikuwa na gunia la katani lililokatwa na kufunguliwa, na alikuwa akilishona kwa sindano ya nyavu na nyuzi kuukuu za nailoni, kijani, nyeupe, nyingine za rangi ya chungwa zilizopauka kwa jua. Hakukuwa na nta, wala rangi, wala moto.

Nilikaa kando yake. Tulisalimiana, tukaulizana habari za binti yetu na za kuku. Kisha nililivuta gunia nikalitazama, kwa sababu kutazama kitambaa ndilo jambo ninaloweza kulifanya nikishindwa na mengine.

Haukuwa mchoro niliouzoea kwake. Hapakuwa na samaki wala mchanga wala mwamba. Ilikuwa mistari tu ya mishono, mmoja juu ya mwingine, kuanzia chini. Mistari ya chini ilikuwa na mishono mifupi mno, imesongamana, mingine si mikubwa kuliko punje ya mtama. Kadiri ulivyopanda juu mishono ilirefuka, ikapata nafasi, hadi katikati ya gunia ikawa mirefu kama kidole, imelala sawa, uzi haukuvutwa wala kulegea. Nilipitisha kidole juu yake. Mtu mwenye mkono kama wake hashoni vibaya kwa bahati mbaya.

"Huku chini ulikuwa unajaribu uzi?" niliuliza.

"Nashona ninavyopumua," alisema. "Nikivuta, sindano inaingia. Nikitoa, inatoka. Mtoto wa kaka alisema nikae na kazi mkononi nisihesabu pumzi. Nikaona bora nizishone."

Nilirudi chini, kwenye ile mishono ya siku alizotoka hospitali. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na pumzi ile nikaiita baridi. Sasa niliishika kwa vidole. Kisha nikapanda tena juu polepole hadi nilipoona, karibu na pale sindano ilipokuwa imesimama, mistari kadhaa ambayo imefupika tena. Mishono ilikuwa midogo na imebanana, uzi umekazwa mpaka gunia limekunjamana.

"Na hapa?"

Alichukua muda wa kuvuta hewa.

"Hapo ulipiga simu kusema unakuja Jumamosi."

Alilichukua gunia kutoka mikononi mwangu, bila ukali, akaendelea kushona. Niliitazama sindano ikiingia na kutoka. Nilikuwa nimekuja na hotuba. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba nitabomoa chumba, kwamba tutahamia vyumba vya mbele, kwamba watu wanasema. Nilisema tu ile ya mwisho, na hata hiyo kwa sauti ndogo.

"Watu wanasema, Nyar Takawiri," nikamwita kwa jina la kwao, binti wa Takawiri.

"Waseme. Wana pumzi." Akasubiri ya kwake irudi. "Nikifa hapa, njoo unibebe, unizike kwako kama inavyotakiwa. Sitakataa. Lakini nikiwa hai, niache."

Kaka yake alikuja kuniambia boti ya mwisho inajiandaa. Kwa kuwa mimi ni mkwe, hakuna aliyeniuliza kama ningependa kulala. Mke wangu hakunisindikiza, maana mteremko ungemmaliza. Alinipa mkono. Kaka yake akatembea nami hadi majini, na tulipofika aliangalia nyuma yangu kama mtu anayetafuta mzigo.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kugombana nawe," alisema. "Sasa nitayapeleka wapi?" Kisha akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Binamu yangu alikuja Uriri siku ya pili. Nilimkaribisha chai. Aliuliza mgonjwa yuko wapi, nikamwambia yuko kwao na atakaa huko.

"Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka atakapotaka mwenyewe."

"Unajua unachokiita? Ni chira."

"Najua. Kikija kinikute mimi. Nimekitafuta muda mrefu kabla ya leo."

Nilimweleza juu ya chumba, madirisha, mabati na kiberiti. Sijui kwa nini nilimweleza yeye wa kwanza, mtu asiyejali vitambaa. Alisikiliza, akasema hayo ni mambo ya kazi na kila kazi ina madhara yake, lakini mila ni mila. Aliondoka akiacha kikombe nusu. Tangu hapo kwenye mikutano ya ukoo hunipa kiti cha pembeni, na wanawake wa sokoni hukatiza maneno nikipita. Ninashonea watu sare za shule kwa cherehani, kazi ambayo haihitaji jicho la mtu yeyote. Rangi nimeacha.

Kila nikipata nafasi huenda Takawiri na kurudi siku hiyo hiyo. Yuko kwenye gunia la pili. Kuna wiki ambazo mishono inarefuka, na kuna wiki za baridi ambapo inasongamana kiasi kwamba sipendi kuipitishia kidole. Daktari alishasema kilichokufa hakirudi, na gunia linasema vivyo hivyo. Hatuongei juu ya siku nitakayokwenda kumbeba. Simu ikilia na nikaona ni ya kisiwani, huiweka sikioni bila kusema neno, nikasikiliza kwanza kama upande wa pili kuna anayepumua.